Pikipiki Isiyotaka Kufika Kakuyuni

Jumatatu, 16 Juni
Imezima tena! Inatoka Gede vizuri, inanguruma, nami naanza kujiona dereva — halafu inakohoa, inakohoa, kimya. Nyuma nimefunga mtungi wa mbegu za fahali, na huko Kakuyuni ng'ombe wa Mzee Nyale ana joto, anataka kupandishwa. Joto la ng'ombe halingoji mtu. Nikafungua tangi kuangalia petroli. Tele! Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka kama haijafanya kitu.

Nilichelewa. Mzee alishaazima fahali wa jirani. Shikamoo yangu akaiitikia vizuri, hakunigombeza, akaniuliza tu kama nimekunywa maji. Afadhali angenigombeza. Jioni Bwana Kioko wa chama cha maziwa akapiga simu: wiki hii ikiisha hivi hivi, kazi hii ya kupandisha ng'ombe atampa mwenye pikipiki inayotembea.

Jumanne, 17 Juni
Kwa fundi Dzombo, pale stegi ya bodaboda. Kaosha kabureta, kabadilisha plagi. Anasema pikipiki ni nzima, mgonjwa ni mimi — klachi naiachia kama niliyeungua kidole. "Dada, pole pole, hiyo si swichi ya taa!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini nimeudhika. Tukaizungusha stegi, haikuzima. Itazimaje? Yenyewe huzima kule mbali tu, nikiwa peke yangu.

Mama kauliza kama imepona. Nikamwambia imepona. "Haya," akaendelea kukuna nazi. Tangu kaka yangu Ngowa afe kwa ajali ya bodaboda, Mama hageuki hata kuzitazama. Lakini siku nilipoileta hii, aliipangusa yote kwa kitambaa, mpaka tangi! Nilifurahi siku ile. Nilidhani amekubali.

Jumatano, 18 Juni
Imezima mara mbili. Jua kali. Mwanamke aliyekuwa akipita na kuni kasema ina pepo. Mara zote mbili nimefungua tangi, nimefunga, imewaka. Labda inataka kubishiwa hodi.

Alhamisi, 19 Juni
Mteja alikuja kununua mafuta ya nazi. Mimi nashika bakuli, Mama anainamisha dumu jipya. Mafuta yanatoka kwa kwikwi, gulu, gulu, mara yanakwama kabisa. Mama akachukua msumari, akatoboa tundu upande wa juu. Yakashuka bila shida. "Chombo kisipovuta pumzi hakitoi kitu," akamwambia mteja. Kisha akanitazama. Akaufumbata msumari haraka.

Nikaacha bakuli, nikatoka mbio. Nikaiendesha pikipiki mpaka ikaanza kukohoa, nikafungua tangi huku nimetega sikio — fyuu! Inavuta hewa! Ndani ya kifuniko kuna mpira wa duara, umeziba kitundu cha hewa. Kila siku nauona, nikadhani pikipiki imetoka nao kiwandani. Najua nini mimi? Nikaung'oa. Umevimba kwa petroli. Wa kijani, una mistari ya soli ya ndara.

Ndara ya Mama iko nyuma ya jiko. Kisigino kimekatwa duara.

Ijumaa, 20 Juni
Sikumsemesha asubuhi. Nimekwenda mpaka Jilore na kurudi bila ule mpira. Haikukohoa hata mara moja! Nilipiga kelele ndani ya helmeti, peke yangu, kama kichaa. Halafu hasira ikanipanda upya. Wiki nzima nimejiona mjinga, naye anajua!

Nikamkuta amesimama barabarani. Alisikia mlio toka mbali.

"Mama, ni wewe?"

Hakukana. Akasema pikipiki ya Ngowa haikuwahi kuzima, hata siku moja. "Ilimfikisha kila mahali."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nikazima injini, nikaisukuma pikipiki mpaka uani.

Jumamosi, 21 Juni
Mzee Nyale kapiga simu alfajiri. Ng'ombe wake wa pili ana joto. Kasema, njoo wewe, mwanangu, tujaribu tena. Na mvua hii! Barabara ya Kakuyuni itakuwa utelezi mtupu.

Mtungi nimefunga. Mpira ninao mfukoni, sijui kwa nini siutupi. Nikaingia kuchukua helmeti, kutoka tu namkuta Mama amepanda nyuma! Amevaa viatu vya kanisani, ndara hana tena. Mtungi ameufungua kamba, ameupakata.

Nikamwambia sijawahi kubeba mtu. Nikamwambia kuna tope, klachi bado inanishinda, tutaanguka wote wawili. Anasema hewala, basi tutaanguka wote wawili.

Naandika nimesimama barazani, mvua inanirukia karatasini. Simu inalia tena, ni Mzee. Nimemwambia Mama ashuke, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kwa kumbembeleza. Ameukumbatia mtungi, anatazama mbele, barabarani.

Hajashuka.