Alama Alizojipa Tumpe

Jumatatu, 3 Novemba
Tumpe, huna haya. Jua limepita migomba, wewe umelala na simu kifuani. Kakao nimegeuza peke yangu, mgongo umekataa. Sikumwambia. Nayamalizia hapa daftarini. Mjukuu wangu huyu anasoma chuo kikuu kwa simu, kazi za shamba nilimsamehe mwenyewe. Basi ninyamaze.

Alhamisi, 6 Novemba
Kanionyesha kazi yake ya chuo. Imehusu kuvundika kakao. Alama themanini na nane. Niliishia darasa la nne lakini namba nazisoma. Nimechinja jogoo.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada nilisimama mbele ya akina mama, nikaitaja themanini na nane. Vigelegele. Ndaga, ndaga, asante, asante, kila mmoja kanipa mkono. Tumpe alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona ni adabu.

Jumanne, 11 Novemba
Nimevuliwa nguo. Mwalimu Anyisile, jirani, alikuja kutupongeza, akaomba kuiona hiyo kazi. Akasoma. Kisha akasema, "Bibi, hii themanini na nane kajipa mwenyewe. Chuo chao kinataka mwanafunzi ajipime kwanza. Ya mwalimu wake ni hii ya chini. Arobaini na moja."
Hiyo ya chini iliingia Jumamosi, tarehe iko palepale kwenye simu. Jumapili akaniacha nisimame.
Sikula.

Jumatano, 12 Novemba
Nimemwamuru anisomee alichoandika. Eti kakao inafunikwa siku mbili, haigeuzwi. Mimi navundika siku sita, nageuza mpaka kucha zinanuka siki. Tunalala nyumba moja, hakuniuliza hata neno. Hiyo themanini na nane aliitoa wapi?
"Bibi, hapo sikudanganya. Nilidhani najua. Kila siku nakuona ukifanya."
Ananiona. Kutoka kitandani ananiona. La kujidhania naweza kulimeza, ni ujinga wa utoto. La Jumapili halimezeki. Alijua, akaniacha nijiaibishe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Hatusemeshani sana. Mwalimu wake amemruhusu kuandika upya. Kaleta daftari jikoni, anauliza siku ngapi, majani mangapi, joto la namna gani. Namjibu. Sicheki naye.
Kesho mimi nitakaa. Asimame yeye mbele ya akina mama, aitaje arobaini na moja kwa sauti, na aseme aliijua kabla sijasimama.