Baba Yako Alipogusa Bampa

Mpenzi Leonia,

Habari za Mwanza? Huku Katubuka mvua zimekatika, na mama anakusalimu sana.

Jumamosi nilikuwa hapa nyumbani nang'arisha ile Peugeot ya zamani ya bosi, ikabebe maharusi. Bampa na vyuma vya milangoni nilivisugua kwa dawa na kitambaa laini mpaka vikawa kama kioo. Akatokea mzee mmoja na kikapu cha dagaa, akagusa bampa kwa kidole.

Nikafoka, "We mzee, toa mkono! Unanuka samaki, unanichafulia kazi!"

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Namtafuta Bariki, mchumba wa Leonia."

Leonia, alikuwa baba yako. Alipanda boti kutoka Mwamgongo aje anifahamu. Nikainama nikamwamkia. "Shikamoo, baba. Bariki ni mimi."

"Marahaba." Akamkabidhi mama dagaa, akakataa chai, akawahi boti ya kurudi.

Jana ulipopiga simu kwa furaha, ukisema baba amekusimulia nilivyompokea vizuri, sikukueleza ukweli. Ndiyo maana nakuandikia. Usimwamini, Leonia. Amenisitiri tu, na sijui nitamtazama kwa uso gani.

Ni mimi wako,
Bariki