Tangu Zuhura Aondoke, Meza ni Safi

Jumatatu, 1 Julai

Nimefagia mara mbili. Asubuhi kabla ya chai, halafu saa sita tena, maana upepo wa Mjimwema hauna adabu, unaingiza vumbi jekundu hadi chini ya printa. Nimefuta meza kwa kitambaa cha maji, kisha kwa kikavu. Penseli kwenye kopo. Rula ukutani, kwenye msumari wake. Ramani zilizokwisha zimekunjwa, kila moja na jina la mwenyewe kwa nje. Ndipo nikakaa kuchora.

Leo siku ya kumi na moja mke wangu yuko kwao Namasakata. Sihisi kitu. Si hasira, si huzuni. Nakula, nalala, nafagia.

Daftari hili lilikuwa juu ya meza. Kwenye simu nimesoma kwamba mtu anayefanyia kazi nyumbani asiache kitu mezani: akitumie au akiondoe. Basi nimelitumia.

Jumanne, 2 Julai

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Nachora ramani za nyumba za watu. Ofisi yangu ni sebule yetu. Makaratasi yalikuwa kila mahali: kwenye kochi, chini ya kochi, juu ya friji. Ramani niliyoihangaikia wiki mbili niliiacha sakafuni, katikati ya zilizoharibika. Zuhura alifagia. Alikusanya yote, akawashia jiko la mkaa. Nilirudi nikakuta wali umeiva.

Nilisema maneno. Nilisema, "Kwenu mnawashia moto chochote, kwa sababu hakuna anayesoma." Nilisema kwenu. Si wewe, kwenu. Mama yake alikuwa ameingia kaburini mwezi wa tatu tu.

Zuhura alipakua, akaniwekea, akala wake jikoni. Kesho yake alfajiri akapanda basi la Tunduru.

Hatujapata mtoto. Hilo halikutajwa siku ile. Ndilo jambo pekee zuri ninalolikumbuka.

Alhamisi, 4 Julai

Mjomba wake amepiga simu. Kwao Wayao neno la mjomba ndilo neno, baba mzazi mwenyewe anakaa pembeni akisikiliza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, bila ukali. Hapo ndipo nilipoogopa kidogo. Kidogo tu.

Akasema, "Mkwe, binti yetu hatujamzuia. Ila neno ulilolisema limetupata sote, kwa hiyo uje ulirudishe mbele yetu sote. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Uje na mtu wako mzima. Ukikaa kitako hapa ukasema nimekosa, jioni yake mnaondoka naye."

Ni hivyo tu. Hawataki ng'ombe, hawataki faini. Wanataka nikae kwenye mkeka niseme nimekosa.

Nimesema inshallah. Nimempigia baba mdogo Rajabu, Namtumbo. Yuko katikati ya kuchambua tumbaku lakini amekubali kunisindikiza. Baba angekuwa hai angekwenda yeye.

Jumamosi, 6 Julai

Kazi kubwa leo. Nimehamisha meza dirishani.

Pale dirishani palikuwa pa Zuhura. Alikuwa anasukia mikeka, kwa sababu ya mwanga. Ukindu wake, sindano, makopo ya rangi, mkeka uliofika nusu. Nimevikusanya vyote nikavitia kwenye boksi la printa, nikaandika ZUHURA kwa kalamu ya wino mzito, nikaliweka stoo. Khanga zake zilizokuwa kwenye kamba ya mlangoni nazo. Nilisema nitavirudisha akija.

Mwanga wa dirishani ni mzuri sana. Sikujua. Miaka sita nimechora gizani nikalaumu macho.

Jumatatu, 8 Julai

Mteja. Mama Ngonyani, mwalimu mstaafu, anajenga Lizaboni. Amesimama katikati ya sebule akageuka taratibu kama mkaguzi.

"Kijana, hii ni ofisi! Mara ya mwisho nilikalia rula."

Nilicheka. Ni kweli alikalia rula.

Akauliza, "Na mama yuko wapi?"

"Amesafiri, kwao."

"Basi amekuachia nyumba safi."

Sikumsahihisha.

Anataka ramani yote: msingi, paa, madirisha, mfumo wa maji. Mafundi wake wanaanza kuchimba Jumatatu ijayo, kwa hiyo anaitaka Jumapili akitoka misa. Nikasema itakuwa tayari. Limenitoka tu. Baadaye nikahesabu siku kwa vidole, nikafika Jumamosi ya kikao, nikarudia kuhesabu.

Jumatano, 10 Julai

Saa kumi na moja alfajiri nafagia. Saa kumi na mbili niko mezani. Sisimami hadi adhuhuri. Kazi ya siku mbili naimaliza kwa siku moja. Sitafuti kitu. Mkono unakwenda kwenye kopo bila macho.

Wasomi wa kwenye simu hawakusema uongo. Chumba kikipangika, kichwa nacho kinapangika. Ila hawakusema kichwani kunabaki nini.

Nimejaribu kumfikiria Zuhura kwa makusudi, nione kama nitaumia. Nimeona sura yake, basi. Nikarudi kwenye paa.

Ijumaa, 12 Julai

Baba mdogo amefika saa tano, ana mfuko na kanzu iliyopigwa pasi. Vidole bado vina gundi ya tumbaku. Nimemkaribisha, nimempikia ugali na maharage. Baada ya chakula nikamwambia siendi.

Nilimweleza kazi. Nilimwonyesha ramani. Nikasema nimeshanunua zawadi: sukari kilo tano, mafuta, doti mbili za khanga, shuka la mjomba. Nimezifunga vizuri, kila kitu na karatasi yake. Tutampa kondakta wa basi la asubuhi, nami nitapiga simu niombe radhi, kikao kisogezwe.

Baba mdogo akasogeza sahani pembeni.

"Mwanangu, radhi haipandi basi peke yake."

"Baba, mteja ananitegemea."

"Na mimi nimeacha tumbaku yangu chini. Nayo inanitegemea."

Alikunja kanzu akairudisha mfukoni. Hakutaka hata chai. Nilimsindikiza hadi stendi, akapanda gari la Namtumbo bila kugeuka. Niliona aibu. Ilidumu kama nusu saa, nikafika nyumbani, nikafuta meza.

Jumamosi, 13 Julai

Mzigo umeondoka saa kumi na mbili. Kondakta ni mtu mwaminifu.

Simu nimeizima sauti na kuiweka chumbani, ndani ya droo. Ni katika zile kanuni nilizosoma. Nilisema nitapiga saa tatu. Saa tatu nilikuwa kwenye ngazi za baraza. Saa sita nilikuwa kwenye choo cha wageni. Nimechora vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mistari imetulia. Milango yote inafunguka upande unaofaa.

Nimefungua droo saa kumi na moja na nusu. Mjomba amepiga mara saba. Nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mkwe, sukari tumeiona. Khanga tumeziona. Wewe hatujakuona."

Nikaanza kueleza. Hakunikatiza, na hilo ni baya zaidi. Nilipomaliza akasema watu walikaa tangu saa mbili. Walichinja kuku wawili. Zuhura alikuwa amejipaka hina. Kila lilipopita gari barabarani, alisimama.

Akasema, "Mzigo tutaurudisha."

Nimeandika haya kwa mwandiko ulionyooka.

Jumapili, 14 Julai

Mama Ngonyani amekuja saa tano na nguo zake za kanisani. Ameikunjua ramani mezani, ameipapasa kama kitambaa cha thamani. Ameipenda.

Halafu akasema fundi mkuu amefiwa na shemeji yake huko Mbinga, wameondoka wote. Kuchimba labda mwezi ujao.

"Ungekaa nayo tu, mwanangu. Hakukuwa na haraka."

Nikasema sawa mama. Nikamfungia na uzi.

Alipotoka nilikaa kwenye kiti hadi jua likahama dirishani. Nilitaka kulia, niliona ndiyo zamu yake. Hakikutoka kitu. Mimi ni mpumbavu. Hilo najua, na hata hilo nalijua kama ninavyojua vipimo vya tofali.

Jumatano, 17 Julai

Nimempigia Zuhura mara nne. Inaita tu. Nimemwandikia ujumbe: Nakuja Jumamosi, peke yangu, nitasema mbele ya wote. Umesomwa.

Nimekata tiketi. Baba mdogo hapokei simu yangu, sitamsumbua.

Nimeitoa kanzu yangu, nimeifua. Sijachora leo wala jana. Meza haina kitu juu yake, naikwepa nikipita.

Ijumaa, 19 Julai

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeinama nafunga begi. Mtu akapiga hodi.

Nikasema, "Karibu, pita ndani." Sauti ile ya wateja. Sikuinua kichwa.

Alikuwa Zuhura. Miaka sita hajawahi kubisha hodi kwenye mlango huu. Alikuwa akiingia na ndoo kichwani huku akiniambia nisogeze miguu. Na mimi nimemkaribisha. Mtu humkaribisha mke wake? Ilitakiwa niruke. Ilitakiwa niseme pole na safari, nimpokee mkoba.

Amevua viatu nje, akasimama. Alitazama dirishani, akatazama meza, akatazama sakafu.

"Pamependeza," alisema. Hakuwa na kejeli. Ningependa angekuwa nayo.

Nikamwambia tiketi hiyo hapo, nilikuwa nakuja kesho. Akaitazama.

"Nimesoma ujumbe wako. Ndiyo maana nimekuja leo, usije ukapoteza nauli. Sirudi."

Sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema unga umekwisha. Nikasema nimekosa. Nililisema lote, neno la kwao, na la Jumamosi pia. Alisikiliza hadi mwisho.

Akasema, "Siku ile ya moto nilikusamehe kabla basi halijafika Namtumbo. Hii ya kukungoja barabarani, hapana."

Mjomba wake alikuwa nje kwenye bajaji, hakutaka kuingia. Nilitoka nikamwamkia. Aliitikia. Sukari na khanga zilikuwa pale kwenye kiti cha bajaji, na karatasi zangu bado zimebandikwa. Mambo ya talaka atazungumza na wakubwa zangu, alisema, si na mimi.

Boksi lake la stoo lilipakiwa kwa dakika mbili. Hakukuwa na cha kutafuta.

Kabla ya kutoka aliomba maji. Nilimpa kwenye glasi. Alikunywa nusu, amesimama, akashukuru. Kisha akauliza glasi aiweke wapi.

Nikamwonyesha.