Dada, Acha Ule Unga wa Mifupa

Juu ya duka la vitambaa,
ngazi ya nyuma, mlango wa pili.
Jumanne, 10 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kunigombeza. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Unapata usingizi? Na mguu, huo ndio ninaouulizia zaidi, bado unavimba? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi, na hiyo ndiyo habari iliyonishikisha kalamu.

Barua hii ameibeba mume wangu mwenyewe. Unajua shemeji yako alivyo mzito kuiacha gereji yake, lakini safari hii hakubisha. Nimemwambia akukabidhi mkononi, kisha akae hapo sebuleni mpaka uisome yote. Ukimpa chai atakunywa, ila haondoki.

Jana nilipokupigia kukuambia uache ule unga wa kuimarisha mifupa, uliniuliza, "Kwani wewe umekudhuru nini?" Nikajibu haujanidhuru. Ukasema basi nimeanza kutishwa na madaktari uzeeni, ukacheka, ukakata. Tangu hapo hupokei simu yangu. Nakujua, ukishaamua umeamua.

Dada, nilikudanganya. Mkono wangu wa kushoto haukuteguka kama nilivyokuambia. Umevunjika, hapa kwenye kifundo, mahali pawili. Nimefungwa plasta ngumu mpaka kiwikoni, na mashine yangu ya kushonea imefunikwa shuka wiki ya pili hii.

Wala usidhani nilianguka kutoka darini. Nilikuwa nazunguka meza ya kukatia, mguu ukanasa kwenye waya wa pasi, nikajikinga kwa mkono mezani. Basi, ni hivyo tu! Mtoto angejikwaa vile akaendelea na mchezo wake. Mimi nikasikia ta! Nikakaa chini kwenye vipande vya kitambaa nikalia, na sikulia kwa maumivu, nililia kwa hasira. Mbona ile picha ya hospitali ya kupima mifupa ilisema yangu imepona?

Picha yenyewe unaikumbuka. Nani asiyeikumbuka, nilimtumia kila mtu! Niliichapisha kubwa nikaitundika dukani kando ya kioo cha wateja. Mmoja aliniuliza kama ni ramani. Mwaka mzima wa unga, kijiko kila asubuhi, na namba za mashine zimepanda, nani angenishika? Nikajitia daktari. Nikachukua makopo mawili kwa yule mteja wangu anayeuza virutubisho, nikakutumia. Aliyekutumia ni mimi, si mwingine.

Tusiseme uongo, tulikuwa na sababu. Vile vidonge vya mifupa vya hospitali, vya kila wiki, vinatesa. Umeze na maji matupu, usile, usilale, ukae wima nusu saa, na bado koo linawaka. Unga unakoroga tu kwenye maji, hauna ladha, hauchomi. Nikaviacha vidonge. Nawe ulipoiona picha yangu ukavitupa vyako jalalani, ukanipigia kunipongeza.

Daktari wa mifupa aliniuliza natumia nini kingine. Nikasema situmii kitu. Akauliza tena, taratibu, kama mtu aliyezoea wazee wabishi. Jana asubuhi nikampelekea kopo. Akaligeuza, akayasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi, mtu wa kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, sikuwahi kujisumbua kuyasoma. Akaniambia humu mna madini yanayoitwa strontiamu.

Nilimwomba anieleze mara tatu, maana nilijua wewe utanihoji. Anasema madini hayo yanaingia kwenye mfupa na kukaa mahali pa kalsiamu. Sasa, ni mazito kuliko kalsiamu. Mashine ikiyaona inahesabu kwamba mfupa umejaa, hata kama haujapata nguvu kiasi hicho. Ndiyo maana alinikanya nisiamini tena zile namba zangu.

Hakusema ni utapeli mtupu, na nilimpenda kwa hilo. Alisema kuna dawa ya jamii hiyo iliyowahi kuandikwa na madaktari, na baadhi ya wagonjwa walipungukiwa na kuvunjika. Lakini ikaonekana inaweza kugandisha damu na kuusumbua moyo. Huu wa kopo haujapimwa kama ile dawa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniapia kwamba ni salama. Akasema mtu aliyewahi kuganda damu asiuguse kabisa.

Hapo Dada nilikufikiria wewe. Niliuona ule mwaka ulipolazwa wiki tatu, damu imeganda mguuni, mimi nalala sakafuni kando ya kitanda chako. Na nikakumbuka ulivyoniambia majuzi kwamba mguu ule ule unakuwa mzito, jioni unavimba, ukasema ni viatu vipya. Nami, mjuaji mkubwa, nikakubali ni viatu!

Nilimweleza daktari. Akasema mguu wa namna hiyo haungoji kesho. Na ukibanwa pumzi au kifua kikauma, usikae hata dakika kusoma barua ya mtu.

Kwa hiyo ukimaliza hapa vaa, mwende na shemeji yako hospitali leo leo. Usianze kufua wala kupanga vyombo. Libebe kopo lenyewe walione. Waambie damu iliwahi kuganda. Waambie na vidonge uliviacha, na ukiona aibu sema ni mdogo wako mjinga aliyekupoteza, maana ndiyo kweli. Huenda wakakuta ni viatu kweli. Nichekeni wote, nitafurahi mno.

Msalimie sana mwanao, mwanetu, akifika. Nimempigia jana, kazi imembana, anasema hafiki hapo kwako mpaka mwisho wa wiki, ndiyo maana sikumngoja yeye akupeleke. Msalimie na shangazi akipita hapo, ila usimwambie habari ya picha, atanitangaza mji mzima. Mungu akulinde njiani na akupe daktari mwenye subira, utamhitaji.

Najua utakasirika. Ni haki yako, nimekudanganya mara mbili, kwa picha na kwa mkono. Nilionea aibu kuvunjika baada ya majigambo yote yale, na aibu yangu ndiyo iliyokuacha unakoroga unga mpaka leo asubuhi. Ninunie, Dada. Ninunie mwaka, ninunie miaka kumi, usinipokelee simu. Lakini ninunie ukiwa hai.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kiherehere