Simu Iliyofungiwa Kabatini

Barrouallie, Saint Vincent
12 Januari 2009

Mdogo wangu Verlyn,

Salamu nyingi. U mzima huko Brooklyn na baridi yake? Sisi hatujambo, ila goti langu linanikumbusha umri. Pipa lako la nguo na vyakula lilifika kabla ya Krismasi, asante. Mchele haukupata maji.

Sasa nikueleze la Tamique. Ile simu uliyoificha ndani ya pipa, katikati ya mataulo, imemharibu mwanao. Kwenye mtihani wa majaribio niliwapa wanafunzi wangu swali: mwandikie ndugu aliye mbali, umweleze jambo lililokuumiza. Kaandika Kiingereza cha ujumbe wa simu, kilichokatwa mikono na miguu. Neno zima herufi moja, tarakimu katikati ya maneno, nukta hakuna. Mtoto niliyemlea mimi, mwalimu wa Kiingereza, darasa zima likijua. Nimempa sifuri, na simu nimeifungia kabatini mpaka amalize mitihani ya Mei. Ukitaka kuongea naye, mwandikie barua kama watu.

Dada yako,
Elthea


Brooklyn
2 Februari 2009

Dada Elthea,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio una homa.

Kumbe ndiyo maana namtumia ujumbe hajibu. Nilidhani amenichoka. Dada, wewe una kila kitu cha mtoto huyu. Unamsuka nywele, unamchomea shelisheli, unamkemea. Akiumwa kichwa, mkono unaomshika paji la uso ni wako. Mimi namwogesha bibi wa watu ambaye hata jina langu halikumbuki, na simu ikitetema mfukoni najua ni mwanangu. Hayo maneno yaliyokatwa ndiyo fungu langu. Hata hilo umelionea wivu?

Usinizuge na habari za Kiingereza. Tangu tukiwa wadogo, nikipewa kitu mimi, wewe mkono unakuwasha. Mrudishie mtoto simu yake.

Mdogo wako,
Verlyn


Barrouallie
23 Februari 2009

Verlyn,

Salamu zako na matusi yake nimezipata. Sisi wazima.

Wivu wa nini? Uliondoka akiwa na miaka minne, akawa analala amekumbatia gauni lako, hataki kula. Nani alimlisha kijiko kwa kijiko mpaka akanyamaza? Leo unataka afeli, ili wewe upate vichekesho vya mfukoni. Mlezi hana haki, mwenye haki ni mtuma pipa.

Simu haitoki. Ndani ya bahasha hii kuna barua yake kwako. Sikumsahihisha hata neno. Soma, uone mtoto niliyekulelea.

Dada yako,
Elthea


Brooklyn
19 Machi 2009

Dada,

Shikamoo. Pole na goti.

Barua ya Tamique nimeisoma. Anatumaini afya yangu ni njema. Anayo furaha kunijulisha kwamba hali ya hewa ni nzuri. Nimeirudia nikimtafuta mwanangu ndani yake, sikumwona. Barua hiyo angeweza kumpelekea hata meneja wa benki.

Kwa hiyo Kiingereza anakijua, hakijaharibiwa na mtu. Basi niambie kitu kimoja. Ile karatasi uliyoipa sifuri ilikuwa inasema nini? Uliisoma, au ulikuwa unatafuta nukta tu?

Mdogo wako,
Verlyn


Barrouallie
28 Agosti 2009

Mdogo wangu Verlyn,

U hali gani, na bibi yako unayemtunza? Nimechelewa kukujibu, na sitalisingizia goti.

Unajua kwamba simu nilimrudishia siku ile ile barua yako ilipofika. Na matokeo unayajua, maana alikutangulizia habari kabla sijavaa miwani: Kiingereza daraja la kwanza. Amesoma miezi yote hiyo na simu mkononi. Sina la kubisha.

Karatasi ile sikuwa nimeisoma. Niliisoma uliponiuliza, nikiyafumbua maneno kwa taabu. Ilikuwa barua kwako. Anasema pipa lilipofunguliwa aliingiza kichwa ndani akanusa nguo, akalia, kisha akanawa uso mimi nisione. Nilikuwa jikoni, Verlyn, nachanganya keki ya Krismasi, na nilimwita aje alambe mwiko. Akaja akacheka. Naishi naye nyumba moja, na la moyoni mwake analipeleka ng'ambo, kwa maneno yaliyovunjika ambayo nyinyi wawili mnayaelewa na mimi siyaelewi.

Uliniuliza kama nakuonea wivu. Nakuonea. Akikaa kibarazani anacheka na hiyo simu, mimi napasua viazi kama vimenikosea.

Mwezi uliopita nikanunua simu yangu. Binti wa jirani akanifundisha hivyo vifupisho, akinicheka, "Mwalimu, na wewe tena?" Tamique alipokwenda ufukweni na wenzake, nikamtumia ujumbe. Neno zima herufi moja, tarakimu katikati, nukta hakuna. Nikakaa kitandani na simu mapajani, nikisubiri aniambie lolote, hata la kipuuzi.

Akajibu: "Mpendwa Mama Mkubwa, nimepokea ujumbe wako. Nitarejea nyumbani kabla ya giza kuingia. Wako mtiifu, Tamique."

Tangu siku hiyo nimemtumia jumbe nyingine kadhaa. Zote ananijibu hivyo hivyo.

Dada yako,
Elthea