Nibu ya Chuma

Mtoni, Temeke

Mwanangu Najat,

Shikamoo yako iliyokuja na kifurushi cha kalamu nimeipokea, marahaba. Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako siku hizi anauza vitumbua barazani, na mlaji mkubwa ni mie.

Nilipoona nibu yenyewe, ule mdomo wa kalamu, ni ya chuma, nilinuna. Vyeti vya ndoa vya mtaa huu nimeviandika kwa kalamu yangu ya nibu ya dhahabu. Dhahabu ni laini, inanesa, hailiwi na kutu. Nchani ina chembe ya madini magumu, lakini hata hiyo imesagika upande niliozoea kuilaza, ikafuata mkono wangu.

Sasa mkono wenyewe wa kulia umelegea tangu Ramadhani. Daktari kasema ni kiharusi kidogo, miguu ni mizima, kwa hiyo usikimbilie kukata tiketi. Nikaishika dhahabu kwa mkono wa kushoto, ikakwaruza karatasi na kugoma kutoa wino.

Mama yako akasema, "Si ujaribu ya mwanao?"

Chuma ni kigumu, hakinesi, ila ncha yake mpya haijazoea mkono wa mtu. Ikateleza vizuri karatasini, wino ukatoka. Kila alasiri najifunza herufi upya, na mama yako ananicheka mpaka vitumbua vinaungua.

Ile ya dhahabu nimekuwekea. Ukija likizo, ilaze kidogo kama nilivyokuwa nikifanya.

Na usiulize nani kaniandikia barua hii. Mwandiko huu mbaya ni wangu.

Baba yako,
Bakari