Vigae 10,403

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkono wa kulia unaendeleaje tangu utoke hospitali? Mimi mzima, ila magoti yananinunia kwa kazi hii ya kutandaza vigae.

Nimepata kazi yangu ya kwanza bila bosi, uani kwa mama mmoja. Ana vigae 10,403, vya mwisho kutoka karakana ya marehemu mumewe. Anataka mstatili, na hataki hata kigae kimoja kikatwe wala kibaki. Nafasi ipo tele. Nimegawa na kugawa mpaka kichwa kinaniuma. Nikishindwa, anamwita fundi mwingine. Nisaidie, mwalimu wangu.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mkono bado mkaidi, ndiyo maana mwandiko wangu unayumba hivi. Nimejaribu kila namba tasa hadi tisini na saba, hakuna iliyokubali. Basi 10,403 nayo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mstatili pekee utakaopata ni mstari mmoja mrefu, na huo si ua, ni mkia. Pole mwanangu. Mwambie ukweli.

Baba yako

12 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Kama hujamwambia, usimwambie. Nimekosea. Miaka yote niliwapa wanafunzi namba zisizofika elfu kumi, na kwa hizo ukishajaribu tisini na saba umemaliza. Hii imevuka. Ilibaki tasa moja tu, mia na moja, nami nikaishia njiani. Ni 101 mara 103. Tena tazama: 102 mara 102 ni 10,404, umepungukiwa kigae kimoja tu kupata mraba.

Mwalimu mkuu ananitaka nirudi darasani. Nitakataa. Kiharusi kimeondoka na kitu kichwani mwangu.

Baba yako

28 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua zako zilifika pamoja. Ya kwanza nililia, ya pili nikacheka kabla machozi hayajakauka. Ua umekamilika. Yule mama alivua viatu, akatembea mpaka kona ya mwisho, akanishika mikono. Jirani yake naye ameshaniita. Asante, baba. Asante sana.

Kuhusu shule, nani alikuonyesha kosa lako? Hakuna. Umeligundua mwenyewe, kwa kichwa hicho hicho unachokilalamikia. Rudi.

Binti yako

2 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Nimerudi. Chaki inanidondoka, kwa hiyo wanafunzi ndio wanaoandika ubaoni. Somo la kwanza niliwapa namba yako, pamoja na kosa langu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa nini niliishia tisini na saba. Nikamjibu kwamba ni mazoea ya miaka mingi, na pia nilichoka.

Akasema, “Basi mwalimu, ukichoka utuambie. Tutaendelea sisi.”

Nikageukia dirisha kidogo. Nashukuru, mwanangu. Nashukuru kuwa nipo.

Baba yako